Sakafu ya Goba: mistari isiyoonekana ilivyofumua marumaru

Mgongo ulikuwa katikati ya sebule, umekatiza chumba kutoka ukuta wa dirisha hadi ukuta wa televisheni. Jozi nane za marumaru za sentimita 60 kwa 60 zilikuwa zimeinuka kwenye kiungo na kuegemeana kama paa la banda, chini yake pakiwa wazi. Nilipopima, kilele kilikuwa juu ya sakafu kwa sentimita 3 na kidogo. Kwingine kote sakafu ilikuwa inang'aa, imenyooka, mtu angeweza kuipiga picha na kuitumia kumtangazia fundi kazi.

Nyumba iko Goba, Dar es Salaam, na wenyewe walikuwa hawajamaliza hata mwaka tangu wahamie. Sebule na sehemu ya kulia chakula ni eneo moja lisilo na ukuta kati, urefu mita 11, upana mita 5. Madirisha makubwa ya alumini yanatazama magharibi, na jua la alasiri linaingia mpaka kwenye makochi. Marumaru ni porseleni iliyosuguliwa. Ziliwekwa mwezi wa saba, wakati wa kipupwe, zikafumuka alasiri moja ya Februari joto likiwa limekaba. Dada wa kazi alisikia mlio mmoja mkubwa, kisha mingine midogo ikifuatana, akatoka mbio na mtoto mgongoni.

Maelezo yalikuwa mengi kabla mimi na wenzangu hatujafika kukagua. Jirani alisema tetemeko. Shemeji mtu alisema mzigo ni feki. Yupo aliyeshauri nyumba ifanyiwe kisomo. Mama mwenye nyumba yeye alikuwa ameshahukumu: fundi alimwibia simenti. Fundi naye, aliyeitwa aje kujieleza, alisisitiza kwamba simenti aliitumia yote na kwamba "taizi za siku hizi zimebadilika, hazishiki." Wote walimcheka, lakini kati yao wote yeye ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Alichokosa ni sababu.

Tulianza kwa kugonga. Unachukua mpini wa bisibisi, unagonga kila kipande katikati na kwenye pembe nne. Kilichoshika kinatoa sauti nzito na fupi, kilichoachia kinalia tupu. Kila kilicholia tupu tulikiwekea alama ya chaki. Tulipomaliza, zaidi ya nusu ya sebule ilikuwa na chaki, vikiwemo vipande ambavyo kwa macho usingevishuku kabisa.

"Fundi, yaani hivi vyote vimeachia?" mama akaniuliza.

"Vingine havikuwahi kushika, mama."

Ushahidi wa neno hilo ulikuwa chini ya mgongo. Tulinyanyua kipande cha kwanza kwa mikono mitupu, bila patasi wala nyundo. Nyuma kilikuwa safi kana kwamba kimetoka kwenye boksi asubuhi ile. Hata ile poda nyeupe ya tanuru, ambayo kiwandani huwekwa ili marumaru zisinate kwenye rola, ilikuwa bado imo kwenye mifereji. Kwenye sakafu kulibaki mafungu matano ya niru (uji wa simenti), manne kwenye pembe na moja kati, na baina ya mafungu hakuna kitu. Sasa tazama juu ya kila fungu: vile vimraba vya mgongo wa marumaru vilikuwa vimejichora vizuri kabisa. Niru iliigusa marumaru, ikachukua sura yake, ikakauka, na haikuishika.

Tukaleta maji. Jikoni kulikuwa na kipande kilichobaki cha seramiki ya ukutani. Tulikilaza chali kando ya porseleni, tukadondosha maji juu ya migongo yote miwili. Kwenye seramiki tone likanywewa palepale, likaacha doa. Kwenye porseleni tone likabaki limekaa, na fundi akaliangalia muda mrefu kuliko sisi wengine. Tofauti yenyewe ni kubwa: kwa viwango vya kimataifa marumaru haiitwi porseleni kama inanyonya maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, wakati seramiki ya ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10. Namba hiyo mara nyingi imeandikwa ubavuni mwa boksi, karibu na saizi, na sijawahi kumwona mteja akiisoma.

Niru inashika kwa kunyonywa. Maji ya simenti yanaingia kwenye vitundu vya kigae, yanabeba chembe za simenti ndani, zinakomaa humo na kuwa mizizi. Ndiyo maana mafundi wetu walifundishwa kuloweka seramiki kwenye ndoo usiku kucha: kigae kikavu kingenyonya maji yote ya niru kabla haijakomaa. Kwa seramiki utaratibu huo ulifanya kazi na bado zipo sakafu nyingi za namna hiyo zisizo na tatizo. Porseleni haina vitundu vya kuingiza mizizi. Hata ukiiloweka wiki nzima, unachopata ni kipande kilicholowa kwa nje, yaani utando wa maji kati yake na niru. Yule fundi aliziloweka. Alifanya hivyo kwa nia njema kabisa, akaharibu zaidi.

Kinachoshika porseleni ni gundi ya marumaru yenye polima, ile ya mfuko, ambayo inanata juu ya uso wenyewe bila kuhitaji kuingia ndani. Mfuko wenye alama C2 unatakiwa kustahimili mvuto wa angalau nyutoni 1 kwa kila milimita ya mraba. C1 ni nusu ya hapo. Kwa porseleni ya sentimita 60, mimi siwezi kushuka chini ya C2. Katika nyumba hii hapakununuliwa hata mfuko mmoja. Mama alipoambiwa bei yake dukani aliuliza kwa nini anunue gundi wakati simenti imejaa stoo, na aliyekuwa kaunta hakuwa na jibu.

Mpaka hapo mtu angefunga jalada: niru badala ya gundi, mafungu badala ya kutandaza, kesi imekwisha. Lakini kutoshika peke yake hakuinui marumaru. Kipande kisichoshika kinaweza kukaa miaka kikilia tupu, kikiwa mahali pake. Ili kiinuke lazima kuwe na kitu kinachokisukuma kutoka ubavuni. Tulipokitafuta kitu hicho tukakikuta kwenye jambo ambalo kila mgeni wa nyumba ile alikuwa akilisifia.

Marumaru zilikuwa zimebanwa. Kati ya kipande na kipande hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha wembe. Mama alikuwa ameona kwenye simu picha ya ukumbi wa hoteli, sakafu haina mstari, akamwonyesha fundi: nataka hivi. Fundi akatii. Alinieleza bila kinyongo: "Kaka, mteja akishasema hataki mistari, wewe ukiweka spesa, vile vijiti vya kuachanisha marumaru, anaona hujui kazi. Anaita mwingine." Akaongeza kwamba vipande kadhaa vilikuwa vimezidi kidogo akavisaga ubavuni kwa grenda ili viingie. Alama za grenda tulizikuta. Hata porseleni iliyonyooshwa kwa mashine kiwandani hutofautiana kwa sehemu ya milimita, na ile nafasi ya milimita 2 au 3 ambayo watu wanaiona uchafu ndiyo inayomeza tofauti hizo.

Tukachomoa skating, yaani ukanda wa chini ya ukuta, kwenye ncha moja ya eneo lile, kisha ncha ya pili. Kote marumaru ilikuwa imefika hadi kwenye plasta na kuigonga, na palipobaki upenyo palijazwa niru mpaka juu. Sakafu ya mita 11 ilikuwa imekazwa kati ya kuta mbili bila pa kupumulia.

Sasa tabaka la chini. Hili ndilo ninalotaka watu walisome kwa makini, kwa sababu wengi hudhani marumaru hufumuka kwa kuwa zimepanuka kwa joto. Zinapanuka, ndiyo, ila kidogo. Porseleni huongezeka kama sehemu 7 kwa milioni kwa kila digrii ya joto. Chukua mita 11, chukua ongezeko la digrii 15 kati ya asubuhi ya Julai na alasiri ya Februari yenye jua la dirishani: unapata milimita 1 na ushee. Lakini chini ya marumaru kulikuwa na tabaka la mota ya kusawazisha, unene wa sentimita 5, lililomwagwa wiki moja tu kabla ya kuanza kutandika. Mota ya simenti inapokauka inasinyaa, na nusu milimita kwa kila mita ni kiasi cha kawaida. Kwa mita 11 hiyo ni zaidi ya milimita 5. Maana yake sakafu ya chini ilikuwa ikisinyaa kidogokidogo miezi yote ile huku marumaru za juu, ambazo hazisinyai, zikizidi kubanwa ubavu kwa ubavu.

Na mota hiyo ilikuwa na kila sababu ya kusinyaa kupita kiasi. Ilichanganywa na simenti nyingi kwa imani kwamba simenti nyingi ndiyo nguvu, ikatiwa maji mengi ili ivutike vizuri kwa rula. Vyote viwili vinaongeza kusinyaa. Uchanganyaji wa kawaida wa simenti 1 kwa mchanga 4, maji ya kutosha mota ibaki imefinyangika mkononi bila kuchuruzika, ungetosha. Kisha ingeachwa. Makadirio yanayotumika ni kwamba mota hukauka kama milimita 1 kwa siku mpaka unene wa sentimita 5. Kwa hiyo hapa ilitakiwa karibu siku 50, na hata mwenye haraka sana asingeshuka chini ya siku 28. Ilipewa 7, kwa sababu mwenye nyumba ambayo mama alikuwa amepanga alishampa notisi ya kuhama.

Watu huniuliza inawezekanaje milimita chache kuinua kitu kama kile. Jibu ni hesabu ya pembetatu. Vipande viwili vya sentimita 60 vinavyoegemeana, ukivikosesha milimita 1 tu ya nafasi, kiungo chao kinapanda karibu sentimita 2 na nusu. Kilele chetu cha sentimita 3 na kidogo kilihitaji upungufu usiofika milimita 2. Kwa hiyo ile milimita moja ya Februari haikuwa na kazi kubwa. Ilikuta mzigo umeshapakiwa, ikamalizia.

Nilimwambia mama kwamba mzigo wake haukuwa feki. Marumaru zilizovunjika zilivunjika kwa kuanguka, na zilizobaki zilikuwa sawa saizi na unyoofu. Tetemeko pia tukaliweka kando.

Je, fundi ana kosa? Analo, ila nisingemtupia lote. Analipwa kwa mita ya mraba, vifaa vyote vinanunuliwa na mwenye nyumba. Katika mpango huo hakuna anayemlipa kusubiri mota ikauke, wala hana sauti kwenye duka la vifaa. Mafungu matano ni haraka kuliko kutandaza kwa mwiko wa meno, na kwa macho ya anayelipa, sakafu mbili zinafanana siku ya kukabidhiana. Nadhani kosa lake kubwa zaidi lilikuwa kunyamaza alipoonyeshwa ile picha. Hoteli ile huenda ilikuwa na nafasi ya milimita 2 iliyojazwa grauti (kijazio cha viungo) ya rangi ya marumaru, na picha ya simu haiwezi kuonyesha hilo.

Matengenezo yalianza na mabishano ya fedha. Kubandua kila kitu kungekuwa salama zaidi, lakini upande wa kulia chakula vipande vingi vililia vizuri, kwa kuwa pale fundi mwingine alikuwa amepaka niru eneo zima na kukisugua kipande kwa niru mgongoni kabla ya kukilaza. Haikuwa gundi, ila ilishika kiasi cha haja. Tukakubaliana kubandua sebule yote, mita 7 kwa 5, kuacha upande wa chakula, na kutenganisha maeneo hayo mawili kwa mkato wa milimita 8 unaofuata mstari wa marumaru, ujazwe silikoni. Mama hakuupenda mkato huo na hakuficha.

Kubandua kulikuwa kazi nyepesi kuliko zote nilizowahi kusimamia, na hapo ubaya wa niru ukageuka faida: vipande vingi vilitoka vizima, vikasuguliwa kwa brashi ya waya na kuoshwa ile poda, vikarudi kazini. Hii ilituokoa, kwa sababu mama hakuwa amebakiza hata boksi moja la akiba. Dukani jina la marumaru lilikuwepo bado, picha ileile kwenye boksi, lakini namba ya rangi ilikuwa nyingine na namba ya saizi nyingine; ukizilaza pamoja, mpya ina weupe wa kuelekea njano na imezidi kwa karibu milimita 1. Pengo tulilijaza kwa kubandua marumaru za stoo, zilizotoka kwenye mzigo mmoja na za sebuleni, na stoo ikapewa hizo mpya. Mwenye kununua aongeze asilimia 10 juu ya vipimo vyake na aweke boksi mbili uvunguni mwa kitanda. Boksi la saizi hii lina vipande 4, mita za mraba 1.44.

Mota ya chini tuliiacha. Ilikuwa imeshakauka na kumaliza sehemu kubwa ya kusinyaa kwake, nyufa zake zilikuwa nyembamba na hazikuwa zikicheza, na ilipogongwa ilijibu vizuri. Tuliparua mafungu ya niru, tukafagia, tukafuta vumbi kwa sponji yenye maji. Kisha rula ya alumini ya mita 2 ikapitishwa kila upande. Palipoonyesha mwanya wa zaidi ya milimita 3 chini ya rula tulipasawazisha kwanza, tukasubiri. Mazoea ya kuziba shimo kwa kuongeza gundi nene chini ya kipande kimoja ndiyo huleta pembe inayokwaza kidole cha mguu, kwa sababu gundi nene inapokauka hushusha kipande.

Gundi ilichukua mifuko 10 ya kilo 20. Nilimtaka fundi yuleyule aifanye kazi, na kwa mara ya kwanza alichanganya kwa kufuata mfuko: maji kwanza kwenye ndoo kwa kipimo, unga baadaye, koroga, acha ipumzike kama dakika 5 hadi 10, koroga tena. Ikianza kukaza inatupwa. Kuongeza maji kunairudishia ulaini tu, nguvu hairudi. Kwa joto la Goba, dirisha wazi na upepo, gundi iliyotandazwa huota ngozi juu mapema kuliko dakika 20 zinazotajwa kwenye mifuko mingi. Ukiigusa isipochafua kidole, imekwisha, parua. Kwa hiyo alitandaza eneo la vipande viwili kwa wakati, mwiko wa meno ya milimita 10, mistari yote ikielekea upande mmoja, na tabaka jembamba nyuma ya kila kipande. Kipande kinalazwa, kinabonyezwa na kusogezwa kukatiza mistari ili hewa itoke. Baada ya vichache tulinyanyua kimoja kuangalia. Ndani ya nyumba gundi inatakiwa iguse angalau asilimia 80 ya mgongo, bafuni na nje asilimia 95. Kile tulichonyanyua hakikutaka kutoka, na fundi akacheka mwenyewe.

Spesa zilikuwa za milimita 3. Ukutani pande zote tuliacha wazi milimita 8, bila gundi wala grauti ndani, skating ikakaa juu kufunika. Kwa ajili ya nafasi hizo zote mstari wa mwisho ulipungua kama sentimita 4, jambo ambalo hakuna mtu aliyelitambua mpaka leo. Grauti iliingia kesho yake, rangi ikilinganishwa na marumaru. Kwa jinsi mwanga unavyopiga pale, ukisimama mlangoni mistari huioni. Mkato wa silikoni unaonekana.

Gharama ziligawanywa: mama alinunua gundi, grauti na marumaru za stoo, fundi alibandua na kusafisha bure, akalipwa nusu ya bei yake ya mita kwa kuweka upya. Wapo walioona ameonewa na wapo walioona ametoka kirahisi.

Vipande vinne vinavyolia tupu vimebaki upande wa chakula, chini ya kabati la vyombo lililojengewa ukutani. Havikanyagwi, na ukingo wa upande huo nao tuliukata ukapata nafasi. Mama ameambiwa aangalie viungo vinavyovizunguka. Vikianza kupasuka na kutoa unga, kabati litabidi litoke.